UNDUGU WA WAFILIPINO NA WAINDONESIA



Nimeombwa niseme juu ya undugu wa Wafilipino na Waindonesia. Wako watakaouliza, visiwa vya mbali vile vyatuhusu nini? Subirini, tutafika pwani yetu sasa hivi.

Tuanze na lugha. Mwulizeni Mfilipino wa Manila, tano kwenu yaitwaje? Atawaambia lima. Mwulizeni mtu wa Jakarta, naye atasema lima. (Kicheko.) Si lima ya jembe, ndugu zangu. Jicho kwao wote ni mata, mtoto ni anak, mbingu ni langit. Mzungu hakuwafundisha maneno hayo. Wataalamu wengi wanasema wazee wao walitoka Taiwan, wakashuka kwa mitumbwi hadi Ufilipino zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kisha wakaenea Borneo, Sulawesi na Java, wakichanganyika na wenyeji waliowakuta. Wapapua wa mashariki ya Indonesia wana asili yao nyingine, nao wasisahauliwe. Wengine walivuka bahari nzima wakafika Bukini. Jiwe, ambalo Manila ni bato na Jakarta ni batu, Bukini ni vato. Na ngalawa zetu zenye matengo mawili zafanana mno na zao.

Mwaka 1989 kiliokotwa kipande cha shaba katika jimbo la Laguna, karibu na Manila. Kiliandikwa mwaka 900, kwa Kimalei cha kale chenye maneno ya Kisanskriti na Kijava, na hati yake ni ile ya Java. Chasema nini? Ni stakabadhi! Mtu mmoja, Namwaran, amesamehewa deni la dhahabu, yeye na watoto wake wasidaiwe tena. Yaani miaka zaidi ya 600 kabla Mspania hajatia nanga, watu wa Luzon waliandikiana madeni kwa hati ya Java. Mkoloni aliyejigamba kuwaletea ustaarabu na akaisome shaba ile.

Nani basi aliwatenga? Mspania alikaa Cebu mwaka 1565 na Manila 1571. Mmarekani akamrithi mwaka 1898. Upande wa pili alikuwapo Mdachi. Kisiwa kidogo cha Miangas, kilicho karibu na Mindanao kuliko Sulawesi, kiligombewa na Marekani na Uholanzi. Mwaka 1928 mwamuzi mmoja Mswisi, Max Huber, akampa Mdachi. Wenye kisiwa hawakuwamo katika kesi.

Baada ya uhuru, mwaka 1963, Macapagal, Sukarno na Tunku Abdul Rahman walikutana Manila wakatangaza umoja wa Maphilindo. Haukumaliza hata miezi michache. Ugomvi wa Malaysia uliuua.

Mimi nawatazama zaidi Wasangir. Wazee wao walivuka kutoka visiwa vya Sangihe na Talaud wakakaa kusini ya Mindanao, wakivua na kufanya kazi za minazi. Kwa miaka mingi maelfu yao hawakutambuliwa kuwa raia wa nchi yo yote kati ya hizo mbili. Mtoto anazaliwa, hana cheti. Akikua, kazi ya halali haipati. Ni katika miaka ya 2010 ndipo serikali zote mbili, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, zilipowaandikisha na kuanza kuwathibitishia uraia. Shaba ya Laguna iko jumba la makumbusho Manila, yasifiwa na kila mgeni. Wasangir walikuwa hai muda wote huo, na walingoja.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, ndugu Mwenyekiti. Mwenye swali na aulize.