Kwa Nini Mwaka Huu Tunachangia Mafunzo ya Mawakili
(Hotuba ya kamati kwenye harambee ya mwaka)

Kabla kikapu hakijapita, tuna jambo la kuungama.

Wengi mnakikumbuka kijitabu cha harambee cha mwaka juzi. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na tangazo la bwana mmoja aliyejiita notari na mtaalamu wa makaratasi ya uhamiaji. Alilipia tangazo, akakaa meza ya mbele, akachangia na tangi la maji la zahanati kule nyumbani. Tukampigia makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama ana leseni ya uwakili.

Mama mmoja wa kwetu, ambaye ameturuhusu tuseme haya, aliliamini tangazo lile kwa sababu lilikuwa letu. Alimlipa bwana yule dola 2,800, bila risiti, amtafutie kibali cha kazi. Akatia sahihi fomu tupu. Kumbe alijaziwa ombi la hifadhi ya ukimbizi, lenye masaibu ambayo hayakumpata kamwe, na anwani ikawa ya ofisi ya bwana. Barua ya kumwita kwenye mahojiano ilifika huko, ikaishia huko. Leo mama ana kesi katika mahakama ya uhamiaji, na karo ya wajukuu aliyokuwa akituma Mwatate imekatika.

Tuseme wazi. Hapa Marekani notari ni mtu wa kushuhudia sahihi tu. Ndugu zetu wa nchi za Kihispania wameumizwa sana na neno hilo, maana kwao notari ni mwanasheria aliyesomea. Wanaoruhusiwa kukushauri juu ya kesi ya uhamiaji ni wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kupitia shirika linalotambuliwa. Fomu zenyewe hutolewa bure na idara ya uhamiaji. Anayekuuzia fomu anakuuzia maji ya mvua.

Tulipomtafutia mama msaada, tulikuta pengo ambalo hatukulitarajia. Wakili wa uhamiaji aliichukua kesi, lakini zile dola 2,800 akasema si fani yake. Wakili wa madai naye aliogopa kugusa jambo lenye uhamiaji ndani, asije akamharibia. Na sheria ipo! Massachusetts ina sheria ya kuwalinda wateja, Sura ya 93A. Unamwandikia aliyekudhulumu barua ya madai, naye ana siku 30 za kujibu. Asipotoa fidia ya haki unakwenda mahakamani, na ikithibitika alidanganya kwa kujua, anaweza kuamriwa alipe mara 2 au 3 ya hasara, pamoja na ada ya wakili wako.

Kwa hiyo tunaomba theluthi moja ya michango ya leo igharimie siku 2 za mafunzo kwa mawakili wa kujitolea. Wa uhamiaji watajifunza kuandika barua hiyo ya madai. Wa madai watajifunza ni maneno gani, yakiandikwa ovyo, yanaweza kumrudia mteja kwenye kesi yake ya uhamiaji. Wakufunzi hawatudai kitu. Tunalipia ukumbi, chakula, nakala, na nauli ya vijana wetu watakaofasiri Kiswahili na Kitaita.

Mzee mmoja alituuliza kikaoni: pesa za zahanati ziliwe na mawakili? Swali la haki. Theluthi mbili zitakwenda nyumbani kama kawaida. Ila yule bwana aliposimama hapa kuchangia tangi, alikuwa anatoa pesa za watu kama huyu mama. Kiasi alichotoa tumekitoa kwenye akiba, tukamkabidhi mama.

Mwaka huu ukurasa wa nyuma hauna tangazo. Una mistari mitupu: nani alikutoza, lini, kiasi gani, alikuahidi nini. Ujaze, umpe katibu leo kabla hujaondoka. Jina lako halitasomwa mbele ya watu.