Kura ya Mzee na Kura ya Kijana

Hotuba aliyoisoma Sheikh mbele ya wanachama, Port Bell



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, napenda kusema juu ya jambo litialo uchungu majumbani mwetu kila ufikapo uchaguzi. Baba humwona mwanawe mpotevu, na mwana humwona babake mwoga, hata salamu zikakatika.

Katika uchaguzi wa Machi 1961, Mengo ilikataza, na watu wengi wa Buganda hawakujiandikisha. Wachache waliokwenda wakakipa chama cha D.P. viti 20 kati ya 21 vya Buganda, na Bwana Benedicto Kiwanuka akashika uongozi wa serikali. Zama zile D.P. ilihesabiwa ya Wakatoliki na U.P.C. ya Waprotestanti, nasi Waislamu, kwa uchache wetu, tulitazama ni mlango upi utakaofunguliwa. Mpiga kura aliuliza: "Huyu ni wa nani?"

Wakafuata walioonja utawala wa Amin na vita vya Luweero. Hao swali lao lilikuwa: "Je, usiku tutalala?" Aliyewapa usingizi walimshukuru, na shukrani si aibu.

Lakini raia walio wengi leo wamezaliwa baada ya 1986. Kijana aliyesoma, naye hana kazi, huuliza: "Riziki yangu iko wapi?" Tarehe 14 Januari 2021, Bwana Yoweri Museveni, mwenye miaka 76, alishindana na Bwana Robert Kyagulanyi, mwimbaji wa miaka 38. Tume ilitangaza asilimia 58 kwa 35. Ila hapa Buganda wengi walimpa Kyagulanyi. Na Novemba 2020, katika ghasia zilizotangulia uchaguzi huo, walikufa watu zaidi ya 50. Basi hofu ya mzee si ndoto, wala kilio cha kijana si utovu wa adabu.

Ndugu zangu, kila kizazi huchagua kwa jeraha lake. Mzee, kabla hujamkemea mwanao, msimulie uliyoyaona. Nawe kijana, kabla hujamcheka babako, muulize alimzika nani.

Mmoja tu hana udhuru, awe mzee au kijana: auzaye kura yake kwa sukari na sabuni. Kura ni amana, na ni ushahidi. Mwenye kuuza ushahidi amewadhulumu jirani zake wote. Julai 2018, tulipochagua viongozi wa vijiji, watu walipanga mstari nyuma ya wamtakaye, na kila jirani aliona. Karatasi ya siri haioni jirani, lakini Mola anaiona.

Kwa hiyo nakiomba chama chetu kitenge jioni moja baada ya Isha, kabla ya kila uchaguzi, wazee na vijana wakae mkeka mmoja washauriane. Hawatapatana juu ya mtu. Wapatane kwamba kesho yake watasalimiana.

Mwenyezi Mungu atuunganishe nyoyo. Amin.