Kuchagua Huduma ya Michezo ya Wingu: Maelezo kwa Wazazi na Vijana wa Busia

 

Wazazi waliomba dawati la mahusiano ya jamii lizungumzie michezo ya video inayochezwa kwa njia ya wingu, na wapo waliotabasamu walipoisikia mada. Polisi na michezo, wapi na wapi? Malalamiko yanayotufikia hayahusu mchezo wenyewe, bali fedha. Kijana humlipa mtu ili apatiwe akaunti. Baada ya siku chache akaunti hufungwa, mwuzaji hapatikani tena kwa simu, na ndipo nyumbani hubainika kwamba fedha hizo zilikuwa za karo. Anayeelewa huduma hizi zinavyofanya kazi ni vigumu kumlaghai, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Zamani mchezo mkubwa wa video ulidai mashine ya gharama kubwa iliyowekwa sebuleni. Katika michezo ya wingu, mashine hiyo hubaki katika jengo la kampuni, pengine bara jingine kabisa. Simu au kompyuta yako hupokea picha tu, kama unavyopokea mpira unaotangazwa moja kwa moja, na kila unapobonyeza kitufe amri husafiri hadi kwenye jengo lile, kisha picha iliyobadilika hurudi kwako. Kwa sababu hiyo simu ya bei ya chini yaweza kuonyesha mchezo ambao peke yake isingeweza kuuendesha. Huo ndio uzuri wake, nami siudharau.

Gharama yake, hata hivyo, imejificha katika data. NVIDIA, wenye huduma iitwayo GeForce NOW, hutaka mtandao wa angalau megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya kiwango cha 720, na megabiti 25 kwa kiwango cha 1080. Piganeni hesabu pamoja nami. Mkondo wa megabiti 15 ukitiririka kwa saa nzima hufikia GB 6.75, na wa megabiti 25 hufikia GB 11.25. Hata ukijibana hadi megabiti 10, ni GB 4.5 kwa saa. Mzazi anayenunua kifurushi cha GB chache kwa wiki, aelewe kwamba kijana aweza kukimaliza kabla ya ugali kuiva. Mchezo wa kupakua hula data mara moja: ukiwa na GB 30, umelipia kiasi kile kile ambacho wingu lingekula kwa muda usiofika saa saba, na baada ya hapo waweza kuucheza mwaka mzima, mradi mashine yako iuweze. Kwa maoni yangu, nyumba isiyo na intaneti ya malipo ya mwezi isiyopimwa kwa GB haina sababu ya kulipia huduma yoyote ya wingu. Nasema hivyo nikijua vijana hawatanishangilia.

Jambo la pili ni umbali. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa Busia hadi Frankfurt, nchini Ujerumani, ni karibu kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi huchukua milisekunde 60, hata kama njiani hakuna kinachochelewesha. Lakini nyaya hazinyooki. Hushuka hadi pwani ya Mombasa, zikapita Bahari ya Shamu, ndipo zifike Ulaya. Johannesburg ni karibu nusu ya umbali huo. NVIDIA huhitaji muda wa kwenda na kurudi uwe chini ya milisekunde 80, kwa hiyo mnaona jinsi nafasi iliyobaki ilivyo finyu. Katika mchezo wa mpira au wa mapigano, ucheleweshaji huonekana waziwazi: unapiga shuti, na mchezaji wako bado anafikiri. Michezo ya kupanga mji, ya kulima au ya drafti huvumilia zaidi.

Msidanganywe na vipimo vya kasi mnavyofanya kwenye simu. Vingi hupima hadi mtambo wa karibu, pengine Kampala au Nairobi, navyo haviwaambii chochote kuhusu safari ya kwenda Frankfurt. Ndani ya programu ya GeForce NOW kuna kipimo chake chenyewe kinachopima hadi kwenye mitambo ya huduma. Kifanyeni saa mbili usiku, wakati mtaa mzima upo mtandaoni, wala si alfajiri. Huduma hiyo ina pia daraja lisilolipiwa ambalo kila kipindi chake hukatwa baada ya saa moja. Popote panapopatikana daraja la bure, lijaribuni kabla ya kutoa hata shilingi.

Ulizeni pia kama huduma imefunguliwa rasmi katika nchi yenu. Microsoft ilipozindua michezo yake ya wingu ya Xbox mwezi Septemba 2020, iliifungua katika nchi 22, na hakuna hata moja iliyokuwa ya Afrika. Stadia ya Google ilianza Novemba 2019 katika nchi 14, nazo zote zilikuwa za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Orodha hizi hubadilika, kwa hiyo someni ile iliyo katika tovuti ya kampuni yenyewe siku mnayotaka kulipa, si picha iliyosambazwa katika kundi la WhatsApp. Mtu akiwaambia kwamba atawafungulia kwa kuidanganya kampuni kuhusu nchi mnayoishi, tambueni kwamba kampuni ikigundua yaweza kuifunga akaunti, na fedha zenu hazitakuwa na mtetezi.

Nimeitaja Stadia, nami nataka kukaa kwayo kidogo. Ilifungwa tarehe 18 Januari 2023. Google ilirudisha bei ya michezo iliyonunuliwa katika duka la Stadia, jambo la kupongezwa, lakini haikurudisha ada za kila mwezi. Kabla yake OnLive, iliyoanza nchini Marekani mwaka 2010, ilizimwa tarehe 30 Aprili 2015. Basi kabla ya kununua, ulizeni: huduma hii ikifungwa, mchezo utabaki kwa nani? Katika GeForce NOW unacheza michezo uliyoinunua katika maduka mengine kama Steam. Huduma ikikoma, mchezo unabaki katika akaunti yako ya duka. Kwa zile za kujiunga kwa mwezi, unachokodi ni haki ya kuingia. Ukiacha kulipa, mlango umefungwa. Zote mbili ni biashara halali, ila mzazi ajue anakodi au ananunua.

Sasa nije kwenye tatizo ambalo watu wa Kampala hawalijui. Hapa kwetu simu hudaka minara ya nchi mbili. Umeketi kitandani Uganda, laini yako imehamia mtandao wa Kenya bila kukuuliza, na data inahesabiwa kwa bei ya ugenini. Kwa ujumbe mfupi hasara ni ndogo; kwa kitu kinachokula GB saba kwa saa, salio la mzee linateketea. Ingieni kwenye mipangilio ya simu, zimeni romingi ya data, na badala ya kuiacha simu ijichagulie mtandao, chagueni wenyewe. Vilevile, anayetumia laini ya Kenya akiwa ameketi upande huu, kampuni ya michezo kwa kawaida humwona kama yuko Kenya. Kadi ya malipo ikiwa ya Uganda, malipo yaweza kukataliwa, na hapo ndipo mpatanishi wa mtaani hujitokeza na akaunti yake ya bei poa.

Kuhusu akaunti hizo, rahisi huvunja upishi. Nyingi ni za watu wengine zilizoibwa, au zimelipiwa kwa kadi iliyoibwa. Mwenye kadi akilalamika, benki huzirudisha fedha na akaunti hufa. Kuingia katika akaunti ya mtu bila idhini yake ni kosa Uganda chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, na ni kosa Kenya chini ya sheria yao ya 2018. Kuvuka barabara hakukuokoi. Wala kijana asimpe mtu yeyote namba ya siri ya fedha za simu, au tarakimu zile zinazotumwa kwa ujumbe ili kuthibitisha malipo. Kampuni halali haizihitaji.

Ikiwa tayari umelaghaiwa, usifute chochote kwa hasira au kwa aibu. Tunza ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu, namba ya aliyepokea, na mazungumzo yote mliyofanya. Piga simu kwanza kwa kampuni ya mtandao wako uombe muamala uzuiliwe, kwa sababu fedha zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirudisha, kisha uje kituoni siku hiyo hiyo. Kama aliyepokea anatumia laini ya Kenya, njoo vivyo hivyo kwetu. Kuwasiliana na wenzetu wa ng'ambo ya pili ni kazi yetu. Kijana aliye chini ya miaka 18 aje na mzazi au mlezi, na mzazi naye tafadhali amwache mtoto aeleze mwenyewe, kwani ndiye aliyezungumza na mwuzaji.