Msitu wa Karura, Nyumba na Tangazo

Natumaini mmekwisha kaa, na mwalimu amekwisha andika ubaoni maneno matatu: msitu, mpaka, tangazo. Yasomeni pamoja naye, polepole. Vema. Mawili ya kwanza mnayajua tangu utoto. Hilo la tatu ndilo litakalotushughulisha leo.

Upande wa kaskazini wa mji wa Nairobi, kati ya barabara ya Limuru na barabara ya Kiambu, uko msitu uitwao Karura. Ukubwa wake ni hektari 1,041, yaani zaidi ya ekari 2,500. Ndani yake imo mihugu, mti ambao wachongaji wa vinyago wanaupenda sana, na mizeituni ya mwitu, na sehemu nyingine zilipandwa mikalitusi. Mito inapita humo. Mvua ikinyesha, udongo wa msitu huyanywa maji na kuyatoa kidogo kidogo. Ukiufunika udongo huo kwa saruji na lami, maji yote hukimbilia mtoni kwa mara moja, na wakaao chini bondeni ndio huamka usiku vyombo vyao vikielea.

Mwaka 1932 serikali ilitangaza kwamba Karura ni msitu wa serikali, nayo mipaka yake ikaandikwa. Angalieni basi jambo hili: miti ilikuwako zamani sana, lakini iliyoifanya iwe mali ya watu wote mbele ya sheria ni karatasi. Na kwa sheria ya zamani karatasi nyingine iliweza kuufuta msitu huo. Waziri alipotaka kupunguza msitu, alitakiwa kutoa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na kungoja siku 28. Gazeti hilo silo lile linalouzwa njiani lenye habari za mpira. Limeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na ni watu wachache mno wanaolifungua. Mtu angeweza kuishi ng'ambo ya barabara tu, siku 28 zikapita, asijue kitu.

Katika miaka ya 1990 sehemu za Karura zilikatwa viwanja, zikagawiwa makampuni ya watu binafsi. Watu wengi walipata habari mwaka 1998, miti ilipokuwa imekwisha anza kuangushwa.

Sasa mmoja wenu ataniuliza, “Mwalimu, je, watu wasijenge?” Ni swali la haki. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1999 Nairobi ilikuwa na watu 2,143,254. Katika ile ya 2019 walikuwa 4,397,073. Mji umeongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka 20, na watu hao hawawezi kulala juu ya miti. Mtu anayepanga chumba kimoja na watoto watano hana kosa akitamani nyumba. Lakini ulizeni kila mara: nyumba za nani? Zilizokusudiwa Karura zilikuwa nyumba za kifahari, karibu na Muthaiga na Runda, mitaa ya matajiri. Yule wa chumba kimoja asingepata hata banda la kuku humo. Nionavyo mimi, shida yake ilitajwa tu kama kivuli cha kujifichia.

Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa chama cha Green Belt Movement, akakataa. Aliandika barua, kisha akaenda msituni na wenzake kupanda miche. Mwezi wa Oktoba 1998 baadhi ya wabunge walifuatana naye, na siku hiyo mitambo ya wajenzi ilichomwa moto. Moto huo siusifu. Mche ulisema vizuri zaidi. Tarehe 8 Januari 1999 walirudi wapande mti langoni. Wakapigwa na watu waliowekwa kulinda mahali pale, na Bi Wangari akajeruhiwa kichwani. Alikwenda kituo cha polisi kushtaki, na karatasi ya mashtaka aliitia sahihi kwa damu yake iliyokuwa ikimtoka. Ninyi mliojifunza juzi tu kuandika majina yenu, fikirini sahihi ile.

Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wakaandamana, kukawa na ghasia mjini. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi alitangaza kwamba ugawaji wa ardhi ya umma umepigwa marufuku. Ujenzi ule wa Karura ukakoma. Mwaka 2004 Bi Wangari alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki mwaka 2011. Msitu upo, umezungushiwa ua, na watu hulipa kiingilio wakatembea chini ya miti.

Na sheria je? Imebadilika. Kwa sheria ya misitu ya mwaka 2016, anayetaka kubadili mpaka wa msitu wa umma hupeleka ombi Bungeni. Shirika la serikali linalosimamia misitu lazima kwanza likubali, na ombi lisiwe la kuharibu chemchemi za maji wala kuhatarisha viumbe adimu. Tena wananchi waulizwe maoni yao. Waulizwe kwa njia gani? Kwa tangazo, ndugu zangu. Tumerudi kwenye neno letu la tatu.

Basi redio ikizimwa, fanyeni kazi hii. Wawili wawili, nendeni ofisi ya chifu mkatazame ubao wa matangazo. Chagueni tangazo moja linalohusu ardhi, ujenzi au miti. Nakilini mambo manne: ni mahali gani, nani anaomba, anataka kufanya nini, na siku ya mwisho ya kupeleka maoni. Kama limeandikwa kwa Kiingereza, mwulizeni karani awaeleze, naye asiwaharakishe. Juma lijalo kila jozi itasoma yake mbele ya darasa, na mimi nitawafundisha jinsi ya kuandika barua ya pingamizi, kuanzia anwani hadi sahihi. Kwaherini.