Nani aandikwe kwenye orodha?

Wandugu wakimbizi, wazee wa avenue, wamama na wababa,

Hapa Mudzipela, kila msaada unapotajwa tunasikia swali lile lile: mbona wale na si sisi? Tusilifunike.

Kuna malipo ya haki, na kuna msaada wa shida. Tunavichanganya, na ugomvi unaanzia hapo. Mwaka 2017 Korti ya La Haye iliamua wahanga 297 wa shambulio la Bogoro la tarehe 24/2/2003 wapate dola 250 kila mmoja. Katika kesi ya Lubanga, malipo yalikuwa ya walioingizwa jeshini wakiwa chini ya miaka 15. Aliyechomewa nyumba anauliza: aliyepewa bunduki analipwa, mimi je? Ana haki ya kuuliza. Lakini korti hulipa kwa kosa lililohukumiwa tu. Hata FONAREV, mfuko wa serikali uliowekwa na sheria ya 2022, ni wa wahanga wa ubakaji wa vita na makosa mengine makubwa. Si mfuko wa unga.

Unga hauulizi kosa wala kabila. Tutazame anayelala njaa: aliye kambini, aliyejibanza kwa shemeji, hata shemeji mwenyewe anayegawa chungu kimoja kwa watu kumi na wawili. Huyo wanamruka, eti ana nyumba!

Wakuu wa avenue, tunawaomba orodha isomwe kwa sauti mbele ya wote kabla ya kutumwa. Anayekosekana, jirani yake amtaje palepale, mwenyeji kwa mkimbizi.