A ya Darasa Lipi?

Tuseme mezani kwa mwajiri kuna transkripti mbili, zote GPA 3.8. Moja imetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kipimo kinafika 5. Huyo kapata daraja la pili la juu. Nyingine ni ya Marekani, kipimo 4, na mwenyewe kajaa A. Hapo hakuna ugumu, kipimo kinajulikana. Ugumu uko kwenye kisichoandikwa: mhadhiri alikuwa wa kubana alama au wa kumwaga?

Marekani wamemwaga kweli. Miaka ya 1960, vita vya Vietnam vikiendelea, mwanafunzi aliyefeli aliweza kujikuta jeshini, na wapo wahadhiri ambao hawakutaka kuwa ndio waliompeleka. Vita viliisha 1975. Alama hazikurudi zilikotoka. Kisha ada zikapaa, mwanafunzi akawa kama mteja, na wanafunzi nao wakawa wanajaza fomu za kuwapima wahadhiri. Na nani atagawa D wiki ile ile anayopimwa yeye? Mwaka 2013 mkuu mmoja wa Harvard aliwaambia wahadhiri wenzake kwamba alama inayotolewa pale mara nyingi kuliko zote ni A. Sasa aliye bora kabisa na aliye mzuri tu utawatenganisha kwa lipi?

Princeton ilijaribu kubana. Mwaka 2004 iliagiza A zisizidi asilimia 35. Wanafunzi wakanung'unika kwamba wanaumia wao huku wenzao wa vyuo jirani wakineemeka, na 2014 agizo likafutwa.

Dartmouth walikuwa werevu zaidi, kwa maoni yangu. Tangu miaka ya 1990, kwenye transkripti, kando ya alama ya mwanafunzi huchapwa alama ya kati ya darasa lake. A uliyoipata wenzako wakiwa kwenye B inajisemea yenyewe.

Cornell nao waliamua hivyo 1996, ila wakaanzia upande usiofaa. Mwaka 1998 alama za kati za kila kozi ziliwekwa kwenye intaneti, ilhali transkripti zikakaa miaka kadhaa bila kuzionyesha. Wanafunzi si wajinga: wakaipitia orodha, wakakimbilia kozi za mteremko, na alama zikazidi kupanda. Mwaka 2011 chuo kikaacha kuziweka mtandaoni. Kwenye transkripti zikabaki, azione mwajiri, si mwanafunzi anayechagua kozi.