Mahali pa Kyela katika Tufe Pepe: Kuhuisha Programu za Redio za Ridhaa

Redio ya ridhaa ni huduma ya kujifunza, kufanya majaribio na kusaidiana wakati wa maafa, bila malipo. Nchini Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na ishara za wito huanza na 5H. Kila mawasiliano huandikwa daftarini pamoja na tarehe, saa na bendi, na madaftari ya kompyuta hubadilishana kumbukumbu hizo kwa mfumo wa ADIF ulioanza mwaka 1996. Tufe pepe ni sura ya dunia ndani ya kompyuta, nayo Google Earth ndiyo maarufu zaidi. Juu ya tufe, njia fupi ya mawimbi kutoka Kyela hadi Japani huonekana ilivyo. Ramani bapa huipinda. Uhuishaji wa programu za redio ulilazimu baada ya Google kutangaza, Desemba 2014, kwamba inaikomesha programu-jalizi ya Google Earth ya kwenye vivinjari, ambayo programu kadhaa ziliitegemea.

Kuchora tufe si kazi ngumu tena. Kazi ngumu ni kukiweka kituo mahali pake, na kwa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, iliko Kyela, kosa la kukiweka kwingine limedumu toleo baada ya toleo.

Chanzo cha kwanza ni uvivu wa programu. Daftari lisipotaja mahali, programu husoma herufi 5H na kukipa kituo nukta moja iliyowekwa kwa ajili ya nchi nzima, katikati ya Tanzania. Kituo cha Itungi, bandari ya Kyela ziwani, huonekana bara, mamia ya kilomita kaskazini.

Chanzo cha pili ni alama ya kutoa. Kyela iko kama nyuzi 9.6 kusini na 33.85 mashariki. Faili la viambishi vya nchi linalotumiwa na programu nyingi huhesabu magharibi kuwa chanya, ilhali KML, lugha ya Google Earth, huhesabu mashariki kuwa chanya tena hutanguliza longitudo. Mtengenezaji asipogeuza alama, Kyela hutua katika bahari ya Atlantiki, mbele ya pwani ya Brazili. Akisahau kusini, hutua karibu na mpaka wa Sudan Kusini na Ethiopia. Majaribio yakifanyiwa Ulaya, kaskazini mwa ikweta, kosa la kusini halijitokezi kabisa.

Chanzo cha tatu ndicho kinachosumbua zaidi, kwa sababu programu hufuata kanuni na bado hukosea. Wanaredio hutaja mahali kwa miraba ya Maidenhead, iliyopewa jina la mji wa Uingereza ilikokubaliwa mwaka 1980. Herufi mbili na tarakimu mbili hutaja mraba wa nyuzi 2 kwa 1, ambao huku ni takribani kilomita 220 kwa 110. Kyela ni KI60. Karonga, ng'ambo ya mto Songwe nchini Malawi, nayo ni KI60. FT8, mfumo wa mawasiliano uliotolewa mwaka 2017 na kuenea duniani kote, hutuma alama hizo nne tu. Programu hukichora kituo katikati ya mraba, na katikati ya KI60 ni nyuzi 33 mashariki, karibu na mahali zinapokutana Tanzania, Malawi na Zambia. Mwanaredio wa Kyela huonekana milimani, kilomita 90 hivi magharibi ya nyumba yake.

Kwa mashindano ya redio umbali huo huvumilika. Kwa wilaya ambayo mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, hauvumiliki: nukta juu ya tufe ikielekeza waokoaji milimani, waliozingirwa na maji Kyela wataendelea kungoja.

Kuhusu mpaka wa ziwani, unaobishaniwa na Tanzania na Malawi, makala hii haitoi kauli. Programu nayo isitoe: ioneshe nukta ya chombo cha majini, isikisie nchi kutokana na mstari uliochorwa na kampuni ya ramani.

Inapendekezwa kwanza kwamba daftari lidai alama sita badala ya nne, kwani alama sita hupunguza mraba hadi kama kilomita 9 kwa 4.6. Latitudo na longitudo ziandikwe kwa herufi za S na E, kama ADIF inavyoagiza, na alama ya kutoa iachiwe kompyuta. Nukta ya kukisia kutokana na 5H ipewe rangi tofauti na nukta iliyopimwa. Hakuna pendekezo jepesi kuliko hili, na hakuna linalopuuzwa zaidi. Kila toleo jipya lijaribiwe kwa kituo kimoja cha kusini mwa ikweta kabla ya kutolewa. Tufe lifanye kazi bila intaneti, kama programu ya tufe iitwayo Marble ifanyavyo, maana mafuriko hukata mtandao kwanza. Vyombo vya majini vibadilishe mraba safarini, kwani kutoka Itungi hadi Mbamba Bay ni kutoka KI60 hadi KH78. Na irudiwe: alama sita, si nne.

Wanaredio wenyewe wanaombwa kutomwandikia jirani mraba wao. Longitudo ya nyuzi 34 hupita kati ya Kyela na Matema: Kyela ni KI60, Matema ni KI70.